Kofia ya babu na mvua ya Stockport

Siku kumi na mbili za kozi pale Manchester nazipita, maana zilikuwa za darasani na baridi tu. Ninayoisimulia ni Jumamosi moja niliyopanda treni kwenda Stockport, mwendo wa dakika kumi hivi, kichwani nikiwa na kofia ya marehemu babu.

Ni pama, kofia ya felti yenye ukingo, ya rangi ya kahawia. Wazee wa Uchagani wa rika lake waliivaa pama kanisani, msibani na kwenye mikutano ya ushirika wa kahawa, na mtoto hakuruhusiwa kuigusa. Babu aliinunua Moshi mjini kwa fedha za kahawa, na kila mara alisema ile si kofia ya mchezo. Tulipogawana vitu vyake wenzangu walichukua redio na baiskeli, mimi nikaomba kofia. Jina la kiwanda lilikuwa limeshafutwa na jasho. Nilitaka sana kujua ilitoka wapi, na kama babu alisema kweli.

Ndiyo maana nikaenda Stockport. Mji ule uliishi kwa kofia za felti hata timu yao ya mpira, Stockport County, inaitwa Watengeneza Kofia. Luton Town nao wana jina hilohilo, ila kule walisifika zaidi kwa kofia za mabua.

Mvua ilianza nikitoka stesheni. Nikaingia chini ya paa la soko, penye meza za nguo za zamani, kama soko la mitumba la Memorial la kwetu Moshi lakini bei haikamatiki. Muuzaji mmoja akanionyesha kofia nyeusi ya ukingo mpana, akasema ni manyoya ya sungura matupu. Ndani ilikuwa na bitana ya hariri yenye nembo ya dhahabu inayong'aa. Pauni 45! Zaidi ya laki moja za kwetu, kwa mtumba. Nikaitazama ile nembo, nikalipa. Nikavaa mpya, ya babu nikaifunga kwenye mfuko isilowe.

Nilikwenda Hat Works, makumbusho ya kofia yaliyo ndani ya Wellington Mill, kiwanda cha zamani cha pamba. Pale nilielewa jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: felti haifumwi. Manyoya ya sungura hupulizwa juu ya koni kubwa ya shaba yenye matundu, yakanyunyiziwa maji ya moto, yakashikana. Linalotoka ni kama mfuko mkubwa kupita kichwa cha mtu yeyote, nao huchemshwa na kuviringishwa mpaka unywee na kukaza. Zamani, ili manyoya yashikane vizuri, waliyapaka dawa yenye zebaki, na mvuke wake uliwaharibu mafundi mishipa ya fahamu, mikono ikawa inatetemeka bila kukoma. Marekani waliipiga marufuku kwenye kazi hiyo mwaka 1941. Nilisimama pale nikawaza mikono ya watu nisiowajua iliyopita juu ya kofia za babu zetu.

Nilipotoka, mvua ilinila nusu saa nzima. Kwenye mgahawa nililipa pauni nne kwa kikombe cha chai isiyo na hata tangawizi, nikaiweka kofia mpya juu ya chuma cha kupashia joto ikauke. Nilipoichukua haikuingia kichwani. Ngozi ya ndani ilikuwa imejikunja, ukingo umelegea kama jani la mgomba lililoungua moto, na kiganja changu kilikuwa cheusi kwa rangi. Niliumia sana. Pauni 45 zilikuwa nguo za shule za mtoto.

Sikurudi kwa yule muuzaji, nilijua angesema nimeiharibu mwenyewe. Nilishuka mtaa wa Little Underbank nikitafuta pa kujificha mvua, nikakuta duka dogo lenye kofia dirishani. Ndani alikuwepo mama mmoja mzee, miwani imening'inia kifuani. Nikamwonyesha ile nyeusi. Hakuitazama nembo hata kidogo. Aliushika ukingo kwa kidole gumba na cha shahada, akauviringisha taratibu mara mbili, akasema neno moja: sufu. Yaani manyoya ya kondoo, si ya sungura.

Akaniambia ujana wake ulikwisha kiwandani, kazi yake ikiwa kushona ngozi za ndani, utepe na bitana. Bitana, alisema, ni ya kumfurahisha mnunuzi. Wao walikuwa wakipokea maboksi ya bitana nzuri za kuweka kwenye kofia za kila namna. Felti inajulikana kwa vidole. Akanishika mkono, akaniwekea ukingo wa kofia yangu nyeusi kwenye vidole vyangu: mnene, unakwaruza, kama blanketi la bweni. Kisha akanipa kofia ya kijivu kutoka kwenye rafu yake. Mwembamba, laini, lakini umekaza. Ukiukunja unarudi wenyewe polepole. Nilirudia mara tano au sita. Mpaka leo vidole vyangu vinakumbuka tofauti ile.

Nikamuuliza kuhusu kingo, akashusha kofia tatu. Ya kwanza ukingo wake ulikatwa ukaachwa hivyohivyo. Ya pili umevishwa utepe pembeni kuzunguka kote. Ya tatu umekunjwa pindo na kushonwa kwa sindano ndogo sana. Akanionyesha pia ule wa kupinda, mbele unashuka juu ya macho na nyuma unapanda, na ule mgumu uliojikunja juu pande zote wa kofia ya Homburg, ambayo mwana wa Malkia Victoria wa Uingereza, Edward, aliitoa Ujerumani na kuifanya fasheni. Upana nao unasema umri, akasema: miaka ya 1940 kingo zilikuwa pana, kufika miaka ya 1960 zimepungua sana.

Hapo nikafungua mfuko, nikatoa ya babu.

Aliipokea kwa mikono miwili. Akauviringisha ukingo, akachovya kidole kwenye kikombe chake cha chai akadondosha tone juu yake. Tone likabaki duara, likatetemeka, halikuzama. "Sungura," akasema, "na nzuri sana." Akaigeuza, akafunua ngozi ya ndani kwa ukucha, na nyuma yake kikatokea kikaratasi ambacho hatukuwahi kukiona miaka yote ile: namba 7. Akapima kwa utepe, sentimita 57. Ingekuwa hesabu ya Kimarekani, alisema, ingeandikwa 7 na nusu ya robo. Hii ni ya kwetu Uingereza.

Nilitaka kumkumbatia. Lakini yeye alikuwa amekunja uso.

"Kichwa chake ni kirefu," akasema, "na utepe ni mpana. Hiyo ni kofia ya ukingo mpana. Mbona huu ni mwembamba?" Akavaa miwani, akaupeleka ukingo karibu na taa, akaniita. Niliona kwa mara ya kwanza: pembeni pote palikuwa na vikato vifupi vifupi, kila kimoja urefu wa ukucha, kimoja kikianzia kilipoishia kingine, kama panya aliyekula kwa mpangilio. Upande wa kushoto ulikuwa mwembamba zaidi, karibu nusu sentimita. Huu si mkasi wa kiwandani, akasema. Nani aliikata?

Nilikasirika kidogo, kana kwamba amemsema babu vibaya. Nikamwambia sijui. Alinirudishia kofia, akakataa hela yoyote.

Usiku, hotelini (chumba ambacho dirisha lake halifunguki, na kifungua kinywa unalipia kivyake), nikampigia shangazi Kibosho.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Umekula?"

Nikamweleza habari ya ukingo. Alinyamaza, nikadhani mtandao umekatika.

"Babu yako alikuwa akishuka mjini na baiskeli," akasema. "Ile kofia ilikuwa pana, upepo wa mteremkoni unaikunja inamfunika macho. Ameanguka mara mbili. Mara ya pili amerudi goti limechanika, sukari imemwagika yote njiani. Usiku huohuo akachukua mkasi wa kupogolea kahawa. Mama akamlilia asiikate. Mimi ndiye niliyemshikia kandili."

"Upande wa kushoto ni mwembamba," nikamwambia.

"Mkono ulinichoka," akasema. "Taa ilishuka."