Asubuhi moja Bonde la Teleki

Mimi ni mtoto wa South B, mto niliozoea ni ule wa Ngong unaopita Mukuru, maji meusi na harufu unaijua. Sasa kufika juu Mlima Kenya nikakuta mto Naro Moru ni mdogo hivi unaweza kuuruka, na maji unaona mpaka changarawe, aki nilisimama tu.

Tulikuwa mabeshte wa mtaa na mzee mmoja wa Naro Moru akituongoza. Tulitoka Met Station, kambi ya kuanzia kupanda, mita 3,050 juu ya bahari, tukapanda kwa matope mguu unazama, halafu tukashuka Bonde la Teleki (Teleki ni Mzungu wa Hungaria aliyepanda huko 1887). Huko ndio senesio zenyewe, ile mimea mikubwa kama miti ya huko juu, zingine zinafika mita sita, na shina lote limefunikwa na majani yake yaliyokauka, hayaanguki. Jioni baridi ikatushika, beshte yangu akaanza kuyang'oa awashe moto. Mzee akamshika mkono.

"Kijana, wacha. Hiyo ndio koti yake, ukiivua maji ya ndani yanaganda na mti unakufa."

Asubuhi akatuamsha jua likiwa bado halijafika bondeni, akainama kwa lobelia, mmea mwingine wa huko juu, kando ya mto. Katikati ya majani kulikuwa na maji, juu yamefunga barafu nyembamba, akaigonga na kidole ikapasuka, na chini maji bado ni maji, na chini kabisa kichipukizi kichanga hakijaguswa na baridi. Yaani mmea unatumia barafu kujikinga na barafu! Ile lobelia nyingine haina maji, imejaa manyoya mpaka juu, na ndio wale ndege chozi walikuwa wanapenda, wanaingiza mdomo ndani kutafuta maua. Senesio nazo zilikuwa zimefunga majani usiku, nikakaa naangalia moja mpaka jua likaifikia, chai ikapoa.

Mzee akatuonyesha mto unatoka wapi, ile barafu kubwa ya mlimani inayoitwa Lewis na nyingine Tyndall, akasema akiwa kijana ilikuwa inashuka chini kuliko hapo. Hiyo iliniuma sana, maji hayo ndio yanaenda mashambani Naro Moru mpaka mto Ewaso Ng'iro.

Kwa matatu tukirudi Nairobi, yule beshte wa moto alikuwa anaonyesha mama mmoja picha za senesio kwa simu, anamweleza kazi ya yale majani makavu, mama akauliza kama inaweza kumea kwake Karatina, akaambiwa hapana mama, hiyo inataka baridi ya huko juu.