Parachichi la Jumatano

Mama mmoja wa Segerea, Dar es Salaam, ndiye aliyenitia kwenye haya yote. Kapu lake nilikuwa nimempelekea Jumamosi, na Jumatano asubuhi akanipigia simu. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu," akasema. "Salamu zako nimezipokea, parachichi lako sijalipokea. Maji matupu! Nimewapa kuku, kuku wenyewe wamelitazama tu."

Leo nacheka. Siku ile nilikaa kwenye ndoo nikashika tama.

Kazi yangu ni ya makapu ya matunda. Jumamosi alfajiri naingia sokoni, Buguruni au Ilala, na kufikia saa sita mchana bodaboda wawili wamekwisha kusambaza makapu thelathini na ushee kuanzia Tabata hadi Kinyerezi. Matunda mengine hayakuwahi kunisumbua. Chungwa la Muheza likiwa tamu leo, na kesho ni tamu. Nanasi la Kiwangwa unalinusa tu, linakwambia lenyewe. Parachichi ndilo lililokuwa likinivunjia heshima. Katika kumi, moja lilikuwa maji, moja nyuzinyuzi, moja jeusi kuanzia kwenye kikonyo, na moja halikulainika kabisa, lilisinyaa tu likawa kama kandambili kuukuu.

Kila niliyemuuliza alinijibu neno moja: Hass, jina la aina ya parachichi. Achana na ya kienyeji, chukua Hass, utapumzika. Nikaamua nisikubali kwa kusikia. Nilinunua matatu matatu ya aina tatu nikayapanga mezani sebuleni, kila moja na karatasi yake, nikafungua daftari la mwanangu la hesabu ambalo lilikuwa limebaki kurasa nyingi.

Ya kienyeji yalikuwa makubwa, mengine yamefika karibu kilo, ganda jembamba la kung'aa. Fuerte yalikuwa na shingo ndefu kama kibuyu, ya kijani, ganda linamenyeka kwa vidole. Hass ndiyo yaliyokuwa madogo, ganda gumu lenye vipelepele, na bei yake mara mbili ya yale makubwa. Mume wangu aliyatazama akauliza kama nimeibiwa.

Basi nikasubiri. Siku ya tano Fuerte yakawa tayari, mazuri, laini, yana harufu kidogo ya njugu. Ya kienyeji siku ya sita: mawili sawa, moja maji. Hass siku ya nane bado magumu. Siku ya kumi na moja yameanza kukunjamana. Nilipoyakata, nyama ilikuwa ngumu kama raba na ladha ya majani. Yote matatu!

Nikachukua moja nikarudi nalo kwa mzee anayeuza kwa matenga, yule aliyeniuzia Fuerte. Hakulionja hata. Alilifunua, akanionyesha kokwa. "Binti, umenunua mtoto. Hili halijakomaa, sasa wewe unataka liive?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba maneno mawili ninayoyatamka tangu utotoni nilikuwa nayachanganya. Parachichi hukomaa mtini, lakini haliivi mtini. Mradi linaning'inia, linabaki gumu, linazidi kujaza mafuta, na mwenye shamba anaweza kuliacha hapo hata miezi kadhaa kama ghala. Likishaanguliwa ndipo safari ya kuiva inaanza. Lililoanguliwa changa, hata ulivundike vipi, halina cha kuivia. Linapoteza maji na kusinyaa. Na kwa nini lianguliwe changa? Kwa sababu mwanzoni mwa msimu bei iko juu, na kila dalali anataka tenga lake litangulie sokoni.

Mzee alinifundisha kutazama ngozi ya kokwa. Parachichi lililokomaa, ile ngozi inayofunika kokwa huwa ya kahawia, nyembamba, kavu kama karatasi ya kitunguu. La kitoto, ngozi hiyo ni nyeupe au ya manjano, nene, imegandamana. Tangu siku hiyo sinunui tenga bila kununua kwanza tunda moja na kulipasua palepale. Wauzaji wengine hununa. Wanaonuna nimeacha kununua kwao.

Ile ya kutikisa tunda usikie kokwa ikicheza, ambayo kila mtu Dar es Salaam anaijua, inafanya kazi kwa mengi ya kienyeji. Kwa Hass usijisumbue, kokwa yake imekaa kama msumari.

Sasa ngoja nieleze ujinga wangu wa mikrowevu. Nilisikia kwamba wanaopeleka parachichi nje ya nchi hawaangalii ukubwa wala rangi, wanapima ukavu: wanachukua nyama ya tunda gumu, wanaikausha hadi maji yote yaishe, kinachobaki ndicho kinachoonyesha limekomaa kiasi gani, kwa sababu kadiri mafuta yanavyoongezeka ndivyo maji yanavyopungua. Kwa Hass wanataka kibaki kiasi cha asilimia 23 au 24 na kuendelea. Nikasema, mimi nina mzani wa keki na nina mikrowevu, nimekosa nini? Nikakwangua gramu 100 kwa kikwangulio cha karoti, nikatandaza kwenye sahani, nikaweka dakika kumi. Nyumba ilijaa moshi. Kwa wiki nzima chai iliyopashwa humo ilikuwa na harufu ya kuungua, na mpaka leo mume wangu akiona nimeshika kikwangulio anauliza tunapika au tunapima.

Mara ya pili nilikwenda kwa dakika mojamoja, napima kila mara, mpaka uzito ukagoma kushuka. Nilinunua upya, matunda magumu ya siku hiyohiyo. Ya kienyeji yalibakiza gramu 13. Fuerte 22. Hass za tenga moja 17, Hass za tenga la jirani yake 26. Sokoni yalikuwa yamepangwa bega kwa bega, bei ileile, jina lilelile. Zile za 26 zilipoiva, siku ya saba, ganda lilikuwa jeusi la zambarau na nyama kama siagi. Hapo nikaelewa kwa nini watu wanaisifu, na kwa nini mimi nilikuwa nimeona uongo.

Ila ile 13 isikudanganye ukadhani ya kienyeji ni takataka. Parachichi asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na koo zake kubwa ni tatu: ya milima ya Mexico, ya nyanda za juu za Guatemala, na ya mabondeni kwenye joto. Ukoo wa mabondeni ndio wenye matunda makubwa, ganda laini na mafuta kidogo, na ndio unaostahimili joto letu. Mengi tunayoyaita ya kienyeji yameota kwa mbegu, na mbegu ya parachichi haizai mfano wa mama yake. Ndiyo maana miti miwili ya uani kwa shangazi, iliyotoka kwenye tunda moja, mmoja unatoa siagi na mwingine unatoa maji. Yule mama wa Segerea na kuku wake walipata la mti wa pili.

Hass yenyewe ilikuwa mche wa mbegu kama hiyo. Tarishi mmoja wa California, Rudolph Hass, aliupanda kwenye shamba lake dogo, na mwaka 1935 akaupatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi. Mti ule mama ulikufa mwaka 2002, lakini kila Hass unayoila, iwe ya Njombe au ya Peru, imetokana nao kwa kubebesha, yaani kuunganisha kijiti chake kwenye mche mwingine. Fuerte ni ndugu mkubwa: vijiti vyake vya kubebeshea vilichukuliwa Atlixco, Mexico, mwaka 1911, na baridi kali ya 1913 ilipoua miche mingine California, wa Fuerte ukabaki umesimama. Jina lake kwa Kihispania ni "imara". Nilimsimulia mzee wa matenga, akasema sasa ataipandisha bei.

Kwa ulaji, hukumu yangu ni hii. Kwenye makande ya moto, au juu ya mkate na chumvi na ndimu, Hass iliyokomaa haina mpinzani. Kwenye kachumbari nachukua Fuerte, inakatika vipande bila kupondeka. Juisi ya parachichi na pesheni, ile ya tabaka mbili kwenye glasi, ukiweka Hass inakuwa nzito kama ugali na inakinaisha. Hapo ya kienyeji inashinda, tena kwa bei ya chini.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya siku. Wateja hawataki somo la koo za Guatemala, wanataka kukata na kula. Nikaanza kununua Jumatatu badala ya Jumamosi na kuvundika mwenyewe: matunda kwenye boksi, gazeti katikati, ndizi mbivu mbili ndani. Ndizi inatoa gesi ya kuivisha, na boksi linaizuia isipotee. Mwanzoni niliweka boksi chini ya bati, nikidhani joto litanisaidia, yakaiva upande mmoja na upande mwingine yakabaki magumu. Sasa yanakaa sakafuni chumbani kwa watoto, penye ubaridi. Kwenye friji hayaingii mpaka yaive. Lililo gumu kama jiwe ukiliingiza kwenye baridi kali linakuja kutoka limeiva kijivu, na doa jeusi ndani.

Nayaminya shingoni, karibu na kikonyo, kwa kiganja, si kwa kidole gumba. Kikonyo sikibandui, ingawa wapo wanaosema ubandue utazame rangi chini yake. Pale ndipo kuvu inapoingilia, na ndiyo ilikuwa siri ya yale meusi ya juu. Hata shambani ni hivyohivyo. Nilimbana mletaji wangu mpaka akakiri vijana wanayapopoa kwa mti mrefu na mengine yanaanguka chini. Sasa nalipa zaidi kidogo kwa yanayokatwa kwa mkasi na kuachiwa kijiti kifupi. Hasara niliyokuwa napata ilikuwa kubwa kuliko hiyo nyongeza, kwa mbali.

Kisha nikawa naandika siku juu ya ganda kwa kalamu ya wino mzito: Jumapili, Jumatano, Ijumaa. Kapu moja, maparachichi matatu, siku tatu. Kitu kidogo hivyo, na simu za malalamiko zikaisha ndani ya mwezi.

Ulevi ukanizidi, nikaingia kwenye matunda ambayo wateja wengi hawakuyazoea. Stafeli lilinifedhehesha wiki ya kwanza. Nilingoja liwe laini kabisa ndipo nilipeleke, likafika limepasuka mkononi mwa bodaboda, na mwenyewe akadai nimlipie koti. Stafeli linachumwa likiwa gumu, ganda limepoteza mng'ao na kuanza unjano kidogo, miiba imeachana. Halafu una siku chache tu. Likikubali kidole, ni leo, si kesho. Ukisaga juisi toa mbegu zote kwanza, mbegu zake si za kula. Topetope ni tabia hiyohiyo, ila lenyewe ni dogo na lina sukari zaidi.

Shokishoki ni kinyume. Nilizileta kutoka Unguja kwa boti, nyingine zina unjano, nikasema zitaiva njiani. Hazikuiva, wala haziivi. Shokishoki ikishachumwa utamu wake umeandikwa, kama chungwa. Zinazosinyaa na kuwa nyeusi ni nywele tu, ndani bado ni safi siku mbili tatu, lakini nenda kamweleze hivyo mteja anayefungua kapu akaona vitu vinafanana na buibui waliokufa. Siku hizi naweka kikaratasi.

Fenesi sipeleki zima. Nalipasua nyumbani, nimejipaka mafuta ya kula mikononi na kwenye kisu kwa sababu ya utomvu, nauza kwa bakuli. Lililokomaa ukiligonga linaitika kama ngoma, na miiba yake imelala. Mimi napenda lenye nyama ngumu ya kutafunika. Yule mzee wa matenga anapenda lile linaloteleza, na tumeshakubaliana kutokukubaliana. Mbegu nachemsha kwa chumvi, watoto wanamaliza kabla sijakaa.

Huko Unguja, nilipokuwa nauliza habari za maparachichi, bibi mmoja wa Darajani hakunielewa mpaka nilipomwonyesha. "Ala! Embe mafuta," akasema, akanitazama kama mtu aliyelala darasani. Ndiye aliyeniuzia doriani, lile tunda la miiba lenye harufu kali. Niliifunga kwenye mifuko mitatu na kanga juu. Haikusaidia. Abiria walihama viti, na mfanyakazi wa boti alinipa nafasi nje, kwenye upepo, kwa heshima zote. Yenyewe ndani ni uji mtamu wenye harufu ya kitunguu, na nilipoionja mara ya tatu nikaanza kuitamani. Nilitia kipande kidogo kwenye makapu matano ya wateja wanaopenda kujaribu.

Juzi ujumbe umeingia kutoka Segerea: "Mwanangu, wiki hii la Jumatano niletee mawili, wajukuu wanakuja. Na lile la Zanzibar usiniletee tena. Kuku wamehama banda."