Muziki Ulionipa Watu

Nilifika Dublin, Ireland, mwaka 2002 kusoma, binti wa Mombasa nisiyemjua mtu, na kilichonipa watu ni muziki. Darasani tulisalimiana tu, kila mtu akashika njia yake. Urafiki niliupata usiku, kwenye vyumba vidogo ambamo unakaa karibu na mpigaji hadi unasikia anavyovuta pumzi kabla ya kuanza.

Miaka ile jiji lilikuwa limechangamka kweli. Mwimbaji Damien Rice ndiyo kwanza ametoa albamu yake ya kwanza. Bendi ya The Frames wakipanda jukwaani, ukumbi mzima unaimba nao, na mwimbaji wao Glen Hansard, ambaye akiwa kijana alianzia kupiga gita barabarani Grafton Street, anawaachia watu wamalizie. Baa ya Whelan's, pale Wexford Street, pana sanamu ya mtu wa jiwe baani, na ahadi zetu zote zilikuwa hapo: tuonane kwa mtu wa jiwe. Simu za mkononi tulikuwa nazo, lakini salio lilikuwa la kubania.

Hata hivyo moyo wangu uliangukia baa ya Cobblestone, mtaa wa Smithfield. Pale wapigaji wa muziki wa jadi hawana jukwaa. Wanakaa kwenye kona, wanaelekeana wao kwa wao kama wazee barazani, na wewe msikilizaji unajisogeza. Mmoja anaanza na fidla, wenzake wanamdaka: filimbi, banjo, kigoma cha ngozi ya mbuzi. Muziki unarudiwa mara mbili au tatu, kisha wanatupiana jicho na kuingia mwingine bila kusimama. Hakuna anayeandikiwa chochote. Yote yako kichwani na vidoleni. Mimi sinywi pombe, na nilidhani hilo litaniweka kando. Rafiki yangu wa Clare, magharibi mwa Ireland, mpiga fidla, zamu yake ya kununua ikifika alileta bia za wenzake na birika la chai kwa ajili yangu, bila kuniuliza wala kunitangaza. Mpaka leo nikimfikiria namwona na lile birika.

Usiku mmoja tulipanda chumba cha juu cha baa nyingine, kwenye mkusanyiko wa waimbaji. Wana desturi nzuri: ukimaliza kuimba, wewe ndiye unayemtaja wa kufuata. Mzee mmoja wa Connemara akanitaja mimi. Nikaimba wimbo wa kubembeleza mtoto aliokuwa akituimbia bibi, kwa Kiswahili, mbele ya watu wasioelewa hata neno. Beti ya pili yule mzee akaja kukaa karibu, akanishika mkono na kuanza kuuzungusha polepole, mviringo baada ya mviringo, kwa kufuata sauti yangu. Baadaye nilielezwa kwamba kwao ndivyo mwimbaji anavyosindikizwa, ili asiwe peke yake ndani ya wimbo. Sijawahi kupewa heshima kubwa kuliko ile, nasema kweli.

Tarehe 29 Machi 2004 sheria ya kukataza sigara baani ikaanza. Nguo zetu zikaacha kunuka moshi, na wavutaji wote wakahamia mlangoni. Nami nilitoka nao, kwa sababu mazungumzo yalikuwa huko nje, kwenye baridi, mikono mifukoni. Tulizungumza mambo ambayo ndani, penye kelele za muziki, yasingesemeka: nani baba yake anaumwa, nani anataka kuacha chuo.

Mwaka huohuo Planxty, bendi ya muziki wa jadi, walirudi pamoja baada ya miaka zaidi ya ishirini, wakapiga ukumbi wa Vicar Street: Christy Moore, Dónal Lunny, Andy Irvine na Liam O'Flynn. Liam, mpiga zumari, ndiye aliyenikamata. Ile zumari yao haipulizwi kwa mdomo. Mpigaji anaketi, mvukuto uko chini ya mkono mmoja, mfuko wa hewa chini ya mwingine, na uso wake unabaki umetulia kabisa huku sauti inalia. Rafiki yetu wa Cork, mtu mzima, aliyekuwa pembeni yangu alitokwa na machozi, na hakujificha.

Nikarudi nyumbani 2005. Wa Clare akarejea kwao, wa Cork akaenda Australia. Miaka kadhaa tulikuwa watu wa kutakiana heri ya Krismasi na Idi, basi. Machi 2018, Liam O'Flynn alipofariki, wa Cork akaniandikia usiku wa manane: "Dada, amekwenda." Tukazungumza hadi alfajiri. Mwaka 2021 ikaja habari kwamba panatakiwa kujengwa hoteli pale Cobblestone. Watu wa Dublin wakaandamana na jeneza barabarani, wakapinga, na mwezi wa Novemba halmashauri ya jiji ikakataa maombi. Wiki zile simu yangu haikupoa. Sisi watu wazima wenye watoto tulikuwa tunatumiana picha za ile kona na kutajana nani alikuwa anakaa kiti gani.

Julai, Mungu akipenda, tutakutana Miltown Malbay, huko Clare, kwenye wiki ya muziki wa jadi iitwayo Willie Clancy. Inafanyika tangu 1973: asubuhi madarasa, jioni baa na jikoni za watu zinajaa wapigaji. Binti wa rafiki yangu wa Clare ameshajiandikisha darasa la konsatina, kinanda kidogo cha mkononi cha kukunjua na kukunja. Mama yake ameshaniulizia chai ninayoipenda, ile ya tangawizi, kama inapatikana Ennis.