Uchovu wa Alhamisi: nilivyojifunza kutambua maambukizi yasiyo na homa

Jumanne ya wiki ya tano ya matibabu ya mailoma, aina ya saratani ya damu, saa nne usiku, nilitetemeka hadi meno yakagongana. Nikajipima joto: 37.2. Nikajiambia hii si homa, nikaongeza blanketi, nikalala. Asubuhi mke wangu alinikuta nimekaa ukingoni mwa kitanda. Alinitazama kifua kwa muda bila kusema neno, kisha akauliza, "Mbona unahema kama mtu aliyetoka kupanda ngazi?"

Saa sita mchana nilikuwa wodini, dripu mkononi. Nimonia, pafu la kulia. Nilitoka hospitalini siku ya kumi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuwa nimepuuza maelekezo. Siku ya kwanza kabisa niliambiwa: joto likifika 38, piga simu, iwe mchana au usiku wa manane. Nilikuwa na kipimajoto na namba ya simu ilikuwa ukutani. Nilisubiri 38 kwa uaminifu wote, nayo haikuja. Hapo ndipo daktari wangu alipokaa kando ya kitanda na kunieleza jambo ambalo nadhani kila mgonjwa wa mailoma anapaswa kulisikia kabla hajameza kidonge cha kwanza.

Mailoma ni saratani ya seli za plazima, zile seli za kwenye uboho wa mifupa zinazotengeneza kingamwili. Zikiharibika, zinazaliana na kumwaga protini ya aina moja isiyo na kazi, huku zile nzima zikikosa nafasi. Kwa hiyo mtu anaingia kwenye matibabu akiwa tayari amepungukiwa kinga, hata kama seli zake nyeupe zinaonekana ziko sawa kwenye majibu. Bakteria wa nimonia, ambaye amejifunika ganda, ndiye hasa anayehitaji kingamwili ili mwili umkamate. Juu ya hapo zinakuja dawa. Mimi nilikuwa natumia tatu: bortezomibu (sindano ya chini ya ngozi ya tumbo), lenalidomidi (vidonge) na deksamethasoni (miligramu 40 kila Jumatatu). Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu ugonjwa wenyewe haujashuka na dawa nazo zimeanza kupunguza kinga.

Tena deksamethasoni ni steroidi. Inatuliza uvimbe na inazima homa. Usiku ule wa Jumanne mwili wangu ulikuwa unapambana, lakini kengele yake ilikuwa imezibwa na dawa niliyoimeza siku moja kabla. Kutetemeka ndiko kulikuwa kengele, mimi nikaifunika blanketi.

Niliporudi nyumbani nilikuwa na wiki saba mbele yangu kabla miezi hiyo mitatu haijaisha, na niliogopa. Kila uchovu ulinitisha, na uchovu ulikuwa mwingi. Anayetumia deksamethasoni atanielewa: Jumatatu na Jumanne huna usingizi, una nguvu za ajabu, unaongea sana. Halafu dawa inatoka mwilini na unaanguka. Kwangu iliangukia Alhamisi, na siku hiyo nilikuwa kama gunia. Sasa utajuaje huu ni uchovu wa dawa na si maambukizi yanayoanza? Nilimpigia muuguzi mara mbili ndani ya wiki moja kwa ajili ya uchovu wa Alhamisi. Hakunikaripia hata kidogo, nami namshukuru kwa hilo, ila aliniambia, "Andika. Tukiujua mwendo wako wa kawaida, tutajua umetoka nje ya njia."

Binti yangu akachukua daftari la shule lililobaki na kurasa, akalichora safu. Joto asubuhi na jioni, saa zilezile, kabla ya kunywa chochote cha moto. Mapigo ya moyo. Pumzi kwa dakika moja. Siku ya deksamethasoni ikazungushiwa duara. Na safu ya mwisho aliandika tu "Hali", ambamo nilijipa alama kuanzia moja hadi tano.

Pumzi alizihesabu yeye, tena nikiwa nasoma na sijui kama anahesabu, kwa sababu ukijua unahesabiwa unabadilisha upumuaji bila kukusudia. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mimi ni 15 au 16. Na joto langu, baada ya wiki mbili za kuandika, lilionekana kuwa la chini kuliko nilivyodhani: 36.2, 36.4, mara chache 36.5. Kumbe ile 37.2 ya usiku wa Jumanne ilikuwa tayari imepanda kwa karibu nyuzi nzima. Ningelijua hilo mapema, ningepiga simu.

Tuliweka na sheria moja ngumu: hakuna parasetamoli kabla ya kupima joto na kuongea na hospitali. Nilikuwa na maumivu ya mgongo, ugonjwa huu unakula mifupa, kwa hiyo sheria hiyo haikuwa rahisi. Lakini steroidi tayari inaficha homa, na sikutaka kuongeza dawa nyingine ya kuificha.

Daktari naye aliongeza ulinzi. Asikloviri nilikuwa nayo tangu mwanzo, kwani bortezomibu huamsha virusi vya mkanda wa jeshi. Kotrimoksazoli pia, kwa ajili ya aina ya nimonia inayowapata watu wenye kinga dhaifu. Sasa akaniandikia antibiotiki ya levofloksasini, kila siku hadi wiki ya 12. Alinieleza kuhusu utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019, wa wagonjwa 977 wapya wa mailoma: kati ya waliopewa dawa hiyo kwa wiki 12, asilimia 19 walipata homa au kufariki katika kipindi hicho, dhidi ya asilimia 27 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Alinionya kwamba dawa hiyo inaweza kuumiza kano za miguu, hasa nikiwa natumia steroidi. Kisigino kikiuma niiache dawa hiyo na nimwambie. Na vidonge vya kalsiamu nilivyokuwa nikimeza kwa ajili ya mifupa nivitenge na antibiotiki hiyo kwa saa mbili au zaidi, la sivyo vinaweza kuishika tumboni isiingie vizuri kwenye damu. Hilo la kalsiamu nililikuta pia kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Zisomeni karatasi hizo.

Kuhusu wageni sitasema mengi. Mdogo wangu alikuja akiwa na mafua, nikaongea naye kupitia dirishani. Alisema, "Kaka, nimetoka mbali," na sauti yake ilinikaa moyoni siku nzima. Lakini sikumfungulia, na alikuja tena alipopona.

Jumamosi ya wiki ya tisa niliamka nimechoka. Joto 37.4. Nilianza kujieleza mwenyewe, kwamba wiki ilikuwa ndefu, kwamba dawa zimejikusanya. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na daftari. Akasema, "Baba, leo Jumamosi. Uchovu wako ni wa Alhamisi."

Alihesabu pumzi: 24. Mapigo 112, wakati kawaida yangu ni 78. Mke wangu alikuwa ameshapiga simu kabla sijamaliza kuvaa viatu.

Mapokezi ya dharura nusura mambo yakwame. Aliyekuwa zamu alitazama kipimajoto chake, akasema 37.4 si homa, tukae kwenye foleni. Sikuwa na nguvu za kubishana. Mke wangu aliweka mezani kadi yangu ya matibabu pamoja na daftari likiwa wazi, akasema polepole: "Ana saratani ya damu, yuko kwenye matibabu ya mwanzo, anatumia steroidi inayoficha homa, anapumua mara 24." Sentensi hiyo tulikuwa tumeifanyia mazoezi nyumbani, kila mmoja wetu, ili yeyote atakayenipeleka aweze kuisema bila kutafuta maneno. Yule bwana alinitazama upya, akainuka kumwita daktari.

Walichukua damu ya kuotesha vimelea, mkojo, na kisha antibiotiki ya dripu ikaanza hata kabla ya picha ya kifua. Hawakusubiri majibu, na ndivyo inavyotakiwa. Siku mbili baadaye maabara ikasema ni bakteria aitwaye Escherichia coli, kutoka kwenye njia ya mkojo hadi kwenye damu, na levofloksasini haimwezi. Niliuliza kama basi kidonge cha kinga kilikuwa kazi bure. Daktari akasema hapana, kinazuia wengi, na wachache wanaopita ndio hao wasiosikia dawa hiyo. Ndiyo maana macho ya nyumbani hayapumziki eti kwa sababu kuna kidonge.

Safari hii nilitoka siku ya nne.

Wiki ya 12 imepita. Levofloksasini nimeacha, asikloviri na kotrimoksazoli zinaendelea. Protini mbovu imeshuka sana, na kingamwili zangu zinapimwa ili kuona kama zinapanda zenyewe au nitahitaji kuongezewa kwa dripu. Nimechoma chanjo ya mafua na ya nimonia, na familia yote ya nyumbani imechoma ya mafua; zile zenye virusi hai mimi sichomwi. Daftari la kwanza limejaa. Jana jioni binti yangu alichora safu kwenye la pili, akakaa pembeni yangu na simu yake kama anayesoma ujumbe, na najua alikuwa anahesabu.