Jangwa la Sirudi halihitaji mazimwi

Kwenye dunia ninayoiandika kuna jangwa linaitwa Sirudi, limekaa katikati ya ramani kati ya miji ya chumvi na miji ya dhahabu, na karibu kila anayesoma sura za mwanzo ananiuliza kitu kimoja, eti humo ndani kuna nini? Wanasubiri joka la mchangani, au majini, au jeshi la mifupa linaibuka usiku. Hakuna. Na naomba nieleze vizuri kwasababu hili jambo nalipenda sana na inaniuma nikiona stori za fantasia zinalifanya jangwa uwanja wa kupigania tu, shujaa anavuka mchana kutwa na panga mgongoni, kibuyu kimoja cha maji na hakiishi.

Jangwa lenyewe linaua jamani. Mtu anayetembea kwenye jua kali anaweza kutoa jasho lita nzima kwa saa moja. Haya mpe lita nane tu kwa siku, kwa siku nne bila kisima hizo ni kilo 32 za maji peke yake, hapo hajabeba unga wala blanketi, na blanketi analihitaji kwasababu usiku joto lote linapanda angani, hakuna mawingu ya kulizuia, watu wanatetemeka. Ndo maana ngamia wangu nimewaacha ngamia, sikuwapa mbawa wala miguu sita. Nundu yake ni mafuta sio maji kama wengi wanavyodhani, ila mwili wake unavumilia kupanda joto mpaka digrii 40 na zaidi kabla hajaanza kutoa jasho la maana, na akifika kisimani anaweza kunywa kama lita mia kwa mkupuo. Mnyama wa ajabu gani wa kubuni atamshinda huyo?

Alafu mchanga. Sahara ina ukubwa wa kilomita za mraba milioni 9 na ushee lakini matuta ya mchanga ni kama robo tu au chini ya hapo, kwengine kote ni mawe, miamba na changarawe. Kwahiyo Sirudi nimeijaza kokoto nyeusi zinazokata viatu na nyayo za wanyama, tambarare, hakuna cha kukushikia njia. Milima iko magharibi, inazuia mawingu ya baharini, basi. Na kuna makorongo makavu ambayo mgeni akiyaona anafurahi kwasababu yana kivuli, analala humo, kumbe mvua imenyesha milimani mbali huko, juu yake anga ni jeupe kabisa, na maji yanamfikia usingizini. Kufa maji jangwani! Inatokea kweli, kwenye majangwa ya dunia hii hii.

Ila moyo wa Sirudi nimeutoa kwa Ibn Battuta, yule msafiri aliyefika mpaka Kilwa mwaka 1331. Mwaka 1352 alivuka Sahara kwenda Mali na akapita Taghaza, mji wa machimbo ya chumvi ambao nyumba zake na msikiti wake vilijengwa kwa matofali ya chumvi na kuezekwa ngozi za ngamia, hakuna mti hata mmoja. Kutoka hapo kwenda Walata, mji wa upande wa kusini wa jangwa, kuna kipande kibaya cha njia, na anaeleza kwamba misafara ilikuwa inamkodi mtu mmoja, takshif, anatangulia peke yake na barua za wasafiri, akifika Walata wenyeji wanatoka na maji mwendo wa siku nne kuupokea msafara. Huyo mtu akifia njiani basi Walata hakuna anayejua kama kuna watu wanakuja, na msafara wote au wengi wao wanakufa. Waliyemkodi wao walimlipa mithkali 100 za dhahabu, mithkali ni kipimo cha zamani cha uzito, na mwongoza njia wao alikuwa chongo, na hilo jicho lililobaki lilikuwa gonjwa, na bado alikuwa anaijua njia kuliko wote!

Hebu kaa nalo hilo kidogo. Watu wengi wenye mali na ngamia wanatembea kuelekea maji ambayo hawajui kama yanakuja, na hawana namna ya kujua. Kuna siku inafika maji yaliyobaki kwenye viriba hayatoshi tena kurudi walikotoka, na siku hiyo haina alama yoyote, jua linachomoza kama jana, kiongozi wa msafara anajua na wapishi wanajua kwasababu wao ndo wanaopima, wengine wanaendelea kupiga stori. Mi hapo sihitaji zimwi, kuliweka ni kuipunguza hofu, maana zimwi unaweza kulichoma mkuki.

Majini nimeyaacha lakini kwenye midomo ya watu tu. Ibn Battuta mwenyewe anasema jangwa lile lina mashetani wengi wanaomchezea mtangulizi akiwa peke yake mpaka apoteze njia. Na mtu mwenye kiu, peke yake, anayeona mazigazi, ile hewa ya moto karibu na ardhi inayopinda mwanga mpaka anga linaonekana ziwa chini mbele yako, atawaambia nini wenzake akirudi? Kwahiyo watu wa Sirudi wanayaamini majini kwa moyo wote na mimi kama mwandishi sisemi ndio wala hapana popote.

Mtangulizi wangu ni mwanamke, mama wa makamo, analipwa nusu mkononi kwa watoto wake kabla hajaondoka, nusu nyingine akifikisha barua. Kuna aliyenishauri nimfuate yeye njiani, sura moja yake sura moja ya msafara, ili msomaji aone hatari zote. Nimekataa. Akishavuka kilima cha kwanza hatumuoni tena, tunabaki na msafara na viriba vyake, na kama barua imefika msomaji atajua siku wao watakapojua, sio kabla.