Niliandika "Hapana"

Steshenari ile iko jirani na stendi ya Msamvu, Morogoro. Ni kachumba chenye kompyuta mbili, mashine ya kutoa kopi na benchi la kusubiria, na siku ile benchi lilikuwa limejaa. Tangazo la kazi za serikali lilikuwa linafungwa saa sita usiku, sote tunakimbizana na muda. Nilikaa pembeni ya kijana anayetujazia maombi, yeye anauliza, mimi najibu: namba ya NIDA, jinsi, tarehe ya kuzaliwa, mkoa, umeolewa au hujaolewa. Akafika mahali akasita. Aliniuliza kitu, sikukisikia, basi lilikuwa linapiga honi nje. Akarudia kwa ile sauti kubwa ambayo watu hunipa wakishagundua.

"Dada, wanauliza kama una ulemavu! Niweke unao?"

Benchi zima likanigeukia.

"Weka hapana," nikamwambia.

Sikio langu la kushoto halisikii kabisa tangu nilipougua homa ya uti wa mgongo nikiwa darasa la tatu. La kulia linasikia nusu, kwa msaada wa shimesikio, kifaa cha kukuza sauti. Kwa hiyo niliidanganya serikali, na nilifanya hivyo mbele ya watu wasiopungua kumi. Kazi niliipata. Leo ni mwaka wa nne nikiwa mtunza kumbukumbu katika masjala (chumba cha mafaili) ya ofisi moja ya umma, na katika hesabu ya waombaji wa mwaka ule, kama kuna mtu aliyewahi kuihesabu, mimi nimo kwenye kundi la wasio na ulemavu. Jambo hilo halijawahi kunitoka moyoni. Kazi yangu ni kutunza kumbukumbu zilizo sahihi, na kumbukumbu yangu ya kwanza kabisa si sahihi.

Nieleze kwa nini nilisema hapana, maana aibu ya benchi haikuwa sababu pekee.

Mwaka 2021 niliomba kazi kwenye taasisi nyingine ambayo sitaitaja. Fomu yao ilikuwa ya karatasi, nikaijaza nyumbani peke yangu kwa kalamu, nikaandika ukweli: ulemavu wa kusikia. Wiki mbili baadaye ikapigwa simu. Niliitazama simu ikitetemeka mezani nikampa mama apokee, kama tunavyofanya siku zote. Mama aliongea muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Alipokata alikaa kwanza, ndipo akaniambia polepole ili nimsome midomo. Walitaka kuhakikisha kama mwombaji ndiye yule mwenye ulemavu. Halafu wakamwuliza yeye, mama yangu, kama kweli nitaiweza kazi. Mama akawajibu kwamba nina diploma na wao ndio wanaojua kama inatosha.

Niliitwa kwenye usaili. Niliingia ukumbini nikiamini kwamba, kwa kuwa wameshajua, watakuwa wamejiandaa. Msimamizi wa mtihani wa mchujo alisimama nyuma yetu, akatangaza mabadiliko kwa mdomo. Niliona wenzangu wote wakikata kitu kwenye karatasi zao, nikamwangalia dada wa jirani, akafunika karatasi yake akidhani namwibia majibu. Nilijibu swali lililokuwa limefutwa na kuliacha lililowekwa badala yake. Kando ya dirisha alikaa kijana mwenye ualbino. Tulipotoka aliniambia kwamba naye alijaza fomu kikamilifu. Walimkalisha palipokuwa na jua, na karatasi yake ilikuwa na maandishi madogo kama ya kila mtu. Alisoma nusu ya maswali.

Nilifika hadi chumba cha mahojiano. Wasaili watano, wote wamevaa barakoa kwa sababu ya korona. Mtu anayesoma midomo, mbele ya barakoa tano. Niliwaomba wazishushe kidogo wanapoongea, wakae mbali kama wanaogopa. Wakatazamana. Mmoja akashusha, wengine hawakushusha. Karatasi yenye neno "kusikia" niliyoiandika kwa mkono wangu ilikuwa pale mezani mbele yao.

Basi ndiyo maana, Msamvu, nilipoulizwa tena, nilisema hapana. Nilikuwa nimeshatoa ukweli mara moja nikaona ulikofika. Ulitosha kunitilia shaka, haukutosha kunigeuzia kiti.

Lakini sitaki mtu anielewe kwamba swali lile lifutwe. Wapo wenzangu wenye ulemavu wanaosema hivyo, na tumebishana hadi usiku. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu wenye sifa. Huwezi kuijua asilimia 3 bila kuuliza. Na kuwahesabu walioajiriwa tu hakutoshi. Sisi watu wa masjala tunajua kwamba faili likipotea hulitafuti kwenye rafu lilipopaswa kuwa. Unafuata njia lililopita, ofisi kwa ofisi, uone ni mezani kwa nani lilionekana mara ya mwisho. Waombaji ni vilevile. Tuseme ofisi ina watu mia na hakuna hata mmoja mwenye ulemavu. Je, hawakuomba kabisa? Waliomba wakaachwa kwenye uchambuzi wa vyeti? Walifika kwenye mchujo wakashindwa kusoma karatasi, kama yule kijana wa dirishani? Au walifaulu maandishi wakaangukia mahojiano? Kila jibu lina dawa yake. Asiyehesabu waombaji tangu mlangoni hana namna ya kujua, atabaki kusema "hawajitokezi", na neno hilo nimelisikia likisemwa na watu wazima wenye vyeo mbele yangu, nikiwa nimejitokeza.

Kwa hiyo nafurahi kila ninapoona, kwenye matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ule mstari unaowahimiza waombaji wenye ulemavu kuomba na kuainisha ulemavu wao kwenye mfumo. Ni mstari muhimu. Ninachotaka ni kuzungumza juu ya swali lenyewe linavyoulizwa, na karatasi inakokwenda baada ya kujibiwa.

Nianze na karatasi, maana hapo ndipo kwenye ujuzi wangu. Ofisi yoyote ya serikali ina masjala ya wazi na masjala ya siri. Wiki ya kwanza ya kazi unafundishwa tofauti yake, na unafundishwa kwamba folio, yaani karatasi ya faili, ikishapachikwa kwenye faili lisilo lake, kila atakayelifungua faili hilo ataisoma. Taarifa ya ulemavu wa mwombaji ina kazi mbili tofauti kabisa. Kazi ya kwanza ni hesabu: wangapi waliomba, wangapi walivuka. Hesabu haihitaji jina langu. Kazi ya pili ni maandalizi: huyu anahitaji mkalimani wa lugha ya alama, yule karatasi yenye maandishi makubwa, mwingine chumba cha chini kisicho na ngazi. Hiyo inahitaji jina, lakini inamhusu anayepanga ukumbi tu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomhusu msaili anayenipa alama. Mwaka 2021 folio yangu ilipachikwa kwenye faili ambalo kila mtu alilifungua, isipokuwa mtu wa kupanga viti.

Serikali kuu ya Marekani walitengeneza fomu ya taarifa za waombaji iliyouliza jinsi, asili na ulemavu. Kuijaza kulikuwa hiari, na fomu yenyewe ilieleza kwamba wanaochagua mtu wa kuajiri hawaoneshwi majibu. Majibu yalikwenda kwenye hesabu. Nao walijiwekea malengo yao: kanuni iliyotolewa Januari 2017 ilitaka kila wizara na wakala ilenge watu wenye ulemavu wawe asilimia 12 ya watumishi, na wenye ulemavu mkubwa zaidi kama uziwi na upofu wawe asilimia 2 ya watumishi wote. Sisemi kwao kila kitu ni kizuri. Nasema walitenganisha mafaili, na kutenganisha mafaili hakuhitaji fedha za kigeni.

Jirani zetu Kenya wanauliza zaidi yetu. Binamu yangu aliyezaliwa Voi aliponionesha fomu ya kazi ya serikali ya kwao, nilishtuka kuona nafasi ya kuandika kabila. Kwetu swali hilo halipo, na mimi niliyelelewa na masikio ya Kitanzania niliona kama matusi. Yeye akanieleza bila hasira kwamba sheria yao ya mwaka 2008 ya utangamano wa kitaifa inakataza ofisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya watumishi wa kabila moja, na Katiba yao ya 2010 inataka watu wenye ulemavu wafikie, hatua kwa hatua, angalau asilimia 5 ya nafasi za uteuzi na za kuchaguliwa. "Sasa bila kuuliza watajuaje?" Bado swali la kabila linanikwaza. Ila nilimheshimu kwa jinsi alivyolijibu akijua kwa nini analijibu. Mimi sijawahi kuelezwa, kwenye fomu yoyote niliyojaza, swali langu lina kazi gani.

Sasa swali lenyewe. "Una ulemavu?" Ndiyo au hapana. Wazee wangapi wa Kilosa kwetu hawasikii tena na hawatakubali kuitwa walemavu hadi wanaingia kaburini! Neno ni zito, limebeba matusi ya utotoni, limebeba jina nililopewa shuleni ambalo sitaliandika hapa. Wataalamu wa takwimu waliliona tatizo hili zamani. Chini ya Umoja wa Mataifa kuliundwa Kundi la Washington mwaka 2001, likatengeneza maswali sita mafupi yasiyotaja neno ulemavu hata mara moja. Unaulizwa kama unapata shida kuona hata ukivaa miwani, kusikia hata ukiwa na shimesikio, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kuwa makini, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, na kuelewana na watu. Majibu ni manne: hakuna shida, shida kidogo, shida kubwa, siwezi kabisa. Kama kijana wa Msamvu angeniuliza, "Dada, unapata shida kusikia hata ukivaa kifaa chako?", ningemjibu shida kubwa, bila kufikiria. Asingehitaji hata kuuliza, maana alikuwa anapiga kelele.

Na hapo kwenye steshenari ndipo ninapoumia zaidi. Wanaotengeneza fomu hufikiri mwombaji yuko peke yake na kompyuta yake. Sisi wengi tunajaziwa. Kijana anajua nywila zetu, ameziandika kwenye daftari lenye jalada la bluu. Anajua nani ameachika, nani ana mtoto, nani anaumwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na ni sheria nzuri, lakini hapo kwenye benchi haijafika. Mimi ningependa swali la ulemavu lije baadaye, kwa ujumbe wa simu unaokwenda kwa mwombaji mwenyewe baada ya kuitwa kwenye usaili, aujibu akiwa kitandani kwake: ili uweze kufanya usaili vizuri, unahitaji tukuandalie nini? Ujumbe wa kuandika, nasisitiza. Si kupiga.

Mwaka huu afisa utumishi wetu aliniomba nimsaidie kuandaa fomu ya wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo kwa vitendo. Ni fomu ndogo, ukurasa mmoja. Kwenye nakala ya zamani kulikuwa na mstari: "Ulemavu (kama upo)". Niliutoa. Nikaandika: "Kuna jambo lolote tukuandalie ili ufanye kazi vizuri na kwa usalama? Sababu si lazima kuitaja. Jibu hili litasomwa na mtu mmoja tu, anayepanga sehemu yako ya kazi." Afisa akalisoma mara mbili, akauliza mtu mmoja huyo ni nani. Nikamwambia kwa masjala ni mimi.

Zilirudi fomu tisa. Nane ziliandikwa "hakuna". Ya tisa ilikuwa na mwandiko mdogo uliobana, wa msichana ambaye ameniruhusu kuandika haya bila jina lake: "Naomba nisipangiwe kupanda ngazi ya rafu za juu. Nina kifafa."

Masjala yetu ina rafu zinazofika darini. Mafaili yanayoombwa kila siku tulikuwa tumeyaweka juu, kwa mazoea tu, waliotutangulia waliyaweka hivyo. Ijumaa ile baada ya saa za kazi nilibaki na mwenzangu, tukayashusha yote hadi rafu ya tatu kutoka chini, na yale yaliyofungwa tukayapandisha. Tulimaliza giza limeingia. Hakuniuliza sababu, nami sikumpa.