Nyota Hupanda, Taa Haipandi

Tulitweka tanga Malindi kwenda Lamu saa tisa alasiri, katikati ya Oktoba, upepo wa kusi ukiwa umeshachoka. Mashua ilibeba mabati, mifuko ya simenti, mabaharia watatu, nahodha wa Shela, kijiji cha Lamu, na mimi niliyepewa nafasi kwa kubembeleza. Nilimwomba jambo moja tu: anifundishe kwenda kwa nyota. Akaniangalia, akaangalia simu yangu, akasema, "Haya. Lakini usilale."

Nilikuwa nimejisomea kidogo, na ndiyo iliyoniponza. Jua lilipokaribia kuzama nikamwambia, "Ami, nyota ya kaskazini itatokea saa ngapi? Nimesoma kwamba ukipima urefu wake kutoka kwenye maji, unapata latitudo yako pale pale."

Mabaharia wakaangua kicheko. "Hapa kwetu haioneki, mwanangu," nahodha akasema. "Utaingoya hata Kiyama."

Hesabu yangu ilikuwa sahihi, ila ni ya watu wengine. Ukisimama nyuzi 20 kaskazini ya ikweta, nyota hiyo iko kama nyuzi 20 juu ya upeo. Lamu iko nyuzi 2 na kitu kusini, kwa hiyo nyota imezama chini ya bahari kwa kiasi hicho hicho. Wareno wa Vasco da Gama walipong'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili 1498, na rubani waliyepewa na mfalme wa mji, mmoja wao aliandika kwamba Jumapili iliyofuata waliiona tena nyota ya kaskazini baada ya kuikosa kwa muda mrefu. Siku tano tu za tanga kutoka hapa. (Rubani huyo hakuwa Ahmad ibn Majid, yule baharia mashuhuri wa Kiarabu, ingawa hadithi hiyo utaisikia kila baraza. Wanahistoria wengi wameshaikataa.)

Magharibi ilitukuta tukiipita Ngomeni. Yale majukwaa ya chuma ya Waitaliano ya kurushia roketi yalikuwa yamesimama baharini, meusi, kama meza zilizosahauliwa baada ya harusi. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza nyota kwa eksirei. Nahodha hakuvutiwa. Alikuwa anatawadha.

Baada ya isha akaniita tezi, nyuma ya mashua, nikae karibu yake. Somo la kwanza lilikuwa mkono. Nyoosha mkono mbele, kunja ngumi: upana wake ni takriban nyuzi 10. Kidole kimoja cha shahada, nyuzi 2 hivi. Mabaharia wa Kiarabu wa zamani walipima kwa vidole vile vile, na wakatengeneza kamal, kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Unashika fundo kwa meno, unasogeza kibao mpaka ukingo wa chini uguse maji na wa juu uguse nyota. Sekstanti ya leo inafanya kazi ile ile, ila kwa vioo na kwa usahihi mkubwa zaidi.

Somo la pili ndilo lililonifungua macho. Huko Ulaya nyota huchomoza kwa mshazari, zikilala upande. Huku kwetu, karibu na ikweta, zinapanda karibu wima, kama ndoo inayovutwa kisimani. Ndiyo maana nyota ikitoka kwenye maji upande fulani, unaweza kuifuata muda mrefu kabla haijakupotosha. Dira ya zamani ya Waarabu ilikuwa na sehemu 32, na nyingi ziliitwa kwa nyota zinazochomoza au kuzama hapo. Sisi wenyewe tunasema suheli kwa kusini, na Suheli ni nyota, ile ambayo Wazungu huiita Canopus.

Kilimia kilitoka saa mbili na nusu, kishada kidogo cha nyota upande wa mashariki, kimepinda kidogo kuelekea kaskazini. Baharia mmoja akakumbusha kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na wenziwe wakaanza kubishana kama mwaka huu kitasema kweli. Nikawaacha.

Saa nne na robo bahari ikafunguka. Mashariki kabisa zikachomoza nyota tatu za mkanda wa Orion, ambazo hutoka mashariki na kuzama magharibi popote ulipo duniani. Karibu wakati ule ule, kaskazini mashariki, ikatokea nyota ya manjano inayometameta: Ayuki, yaani Capella. Lamu kutoka Malindi ni kaskazini mashariki, maili za baharini 74 hivi ukikata moja kwa moja. "Weka omo hapo," nahodha akasema, yaani pua ya mashua ielekee Ayuki, akaniachia usukani, akajifunika shuka.

Nilijiona baharia. Wingu likapita, tanga likayumba mbele ya macho yangu, nikaipoteza Ayuki, nikaipata tena, ya manjano, chini kwenye maji. Nikaikazia macho. Baada ya muda tanga likaanza kupwaya na kupiga, maana upepo sasa ulikuwa umetugeukia nyuma kabisa. Nahodha akainuka bila kuulizwa.

"Unafuata nini?"

"Ayuki, Ami."

"Weka kidole."

Nikanyoosha mkono. Kati ya maji na mwanga ule hakukuwa na nafasi hata ya ukucha. Karibu saa nzima ilikuwa imepita.

"Nyota hupanda," akasema. "Taa haipandi."

Ilikuwa karabai ya wavuvi. Ayuki yenyewe ilikuwa kulia, nyuma ya tanga, imepanda ngumi nzima. Nilikuwa naipeleka mashua kwenye ghuba ya Ungwana, kwenye mafungu ya mchanga ya mdomo wa mto Tana. Alirudisha omo kwa kusukuma usukani kidogo kwa goti, na hakunigombeza, jambo lililoniuma zaidi.

Hakulala tena. Akanionyesha kwamba hata nyota ya kweli inachoka: kufikia saa kumi alfajiri Ayuki ilikuwa imesimama upande wa kibla, kaskazini tupu, na kuifuata hapo ni kupanda nchi kavu. Nyota ikiwa juu mno unaiacha, unashika nyingine iliyo chini, na kila mara unachungulia dira.

Nikamuuliza kuhusu longitudo. Hiyo, akasema, ni kazi ya saa. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa moja, nyuzi moja kwa dakika 4, na asiyejua saa kamili hajui yuko umbali gani mashariki au magharibi. Ndiyo maana saa ya nne ya fundi Mwingereza John Harrison, iliyojaribiwa baharini kuanzia 1761, ilikuwa jambo kubwa kwa wavuka bahari kuu. "Mimi siendi Bombay," akamaliza.

Kukapambazuka, Suheli ikafifia, na baadaye vilima vya mchanga vya Shela vikajitokeza vyeupe mbele. Nahodha akatoa simu mfukoni kuangalia mkondo wa kuingilia. Nikamtazama. Akanisukumia kopo kwa mguu.

"Fua mai," akasema. Ngama, maji yanayojikusanya chini ya mashua, ilikuwa imefika kwenye mifuko ya simenti.